Wote Wanaomba Urudi

Mdogo wangu,

Jina lako nimeliacha, na jimbo unaloishi huko Marekani nimeliacha. Langu pia halimo, na la mtani wetu nimelibadilisha. Miaka yote nimewarudishia waandishi wadogo habari zao kwa sababu hazina majina. Hii ya kwetu itabaki hivi.

Arobaini ya mama tuliisoma Kinole Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara utelezi mtupu, ikabidi tushuke kwenye gari pale kijitoni na kupanda kwa miguu. Unapakumbuka. Utotoni, tulipokuwa tukishusha mafenesi, ulishika shati langu kwa nyuma na kufumba macho mpaka tumalize kuvuka gogo. "Ukianguka, tunaanguka wote," ulisema, kana kwamba hiyo ilikuwa nafuu. Siku hizi kuna daraja la zege. Nililivuka polepole.

Nakumbuka pia siku uliyonipigia simu ya video kunionyesha pete. Nilikuwa nyumbani Kilakala, nakula. Mwanamume mwenzako, yule daktari wa meno, alisimama nyuma yako, mrefu, hajui aweke wapi mikono. "Kaka, huyu ndiye niliyefunga naye ndoa." Nilisukuma sahani pembeni, nikauliza, "Nani alisimama mahali pa mjomba?" Kwetu Waluguru ndoa haijatimia kama kaka wa mama hakuwepo. Ulicheka mpaka machozi. "Maswali yote duniani, kaka, ukachagua hilo?" Halafu ukasema uliacha kiti kimoja wazi mstari wa mbele. Mwenzako hakuelewa ni cha nini, lakini ndiye aliyewazuia wageni wasikikalie.

Sasa kesi. Nimesoma kurasa ulizonitumia, na nyingine nilizitafuta mwenyewe. Zamani wapiga kura wa jimbo lenu walipitisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Mahakama ya juu ya nchi nzima ikakizima kifungu hicho, lakini hakuna aliyekifuta. Kimebaki ndani ya katiba ya jimbo. Leo kuna waliofungua kesi kirudi kazini, wakidai kura za watu ziheshimiwe, na wapo wanaotaka kifutwe kabisa. Kibali chako cha kuishi huko kimesimama juu ya ndoa hiyo. Unasema wakili wenu amewaambia ndoa zilizokwisha fungwa "hazitarajiwi" kuguswa. Nimekaa mahakamani nikiandika habari za kesi sehemu kubwa ya maisha yangu. Wakili mwenye uhakika hasemi hivyo.

Ndoa ikianguka, kibali kinaweza kuanguka nayo, nawe urudishwe hapa, ambako sheria inaweza kukufunga maisha. Hofu yangu nyingine iko karibu zaidi: watu wa nyumbani wanakungoja, na wanakungoja kwa mapenzi.

Baada ya kisomo, Bi Zaituni, mtani wa ukoo wetu, alitoka ndani amejifunga kanga ya mama na kuvaa miwani yake. Unajua mtani msibani haulizwi kitu. Akakohoa kama mama, akashika kiuno. "Mwanangu wa Marekani mmemficha kwenye friji? Mtoeni ayeyuke, nimwoze. Mchumba yupo, na meno yake yote." Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka, ningefanyaje?

Mjomba hakucheka. Alinipeleka kunionyesha fungu lako kwenye shamba la ukoo. Amelipalilia mwenyewe, na mgongo wake ule. Pilipili manga imeupanda mti hadi juu.

"Mwambie ardhi yake haijaguswa," alisema. "Aje achague pa kujenga. Mbona hata kumzika mama yake hakuja?"

"Makaratasi, mjomba," nilimjibu. Ni kweli, ukitazama upande mmoja.

Tuliporudi uwanjani sheikh aliomba dua ya mwisho. Alimwombea mama, akawaombea wasafiri, kisha akakutaja kwa jina: Mungu akurudishe salama kwenye udongo wa mama yako. Watu wakaitikia amina. Midomo yangu ilikataa. Bi Zaituni, miwani ya mama bado usoni, aliniona kutoka upande wa wanawake.

"Mwandishi," aliita, "mbona wewe huna amina? Hutaki mdogo wako arudi?"

Safari hii hawakucheka. Walingoja nicheke mimi kwanza. Mjomba aligeuka akanitazama, na hakuondoa macho.

Nikasema amina. Niliisema kwa sauti, kila mtu akaisikia, na Bi Zaituni akapiga makofi.

Jana mjomba alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza bei ya vitunguu mjini, kisha taratibu, "Huko anaishi na nani?" Nikasema na daktari mmoja wa meno, wamepanga nyumba pamoja. "Haya," akasema, na simu ikakatika. Kila ikiita sasa, naiangalia kwanza.

Sijui majaji wataamua nini, na sitakudanganya kwamba najua. Wakiamua vibaya, tafuteni nchi nyingine, yoyote itakayowapokea wote wawili. Pilipili yako nitaichuma mimi na kuianika. Watakaponiuliza, nitasema makaratasi, tena makaratasi, mpaka mmoja wetu afe.

Amina ile niliwapa wao. Wewe nakupa neno moja, na ni zito kuliko yote niliyowahi kukuandikia: usirudi.

Kaka yako wa tumbo moja.