Mstari wa Ishirini na Nne

Mama Awuor,

Leo kortini wamekuita marehemu siku nzima. Wakili wa yule askari analitamka hilo neno haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Ulimi wangu bado unakataa. Kwangu wewe ni Mama Awuor, karani wa zahanati ya shamba la chai, mtu aliyenifundisha kazi, na kuna mambo yametokea tangu tukuzike ambayo sina mwingine wa kumwambia.

Nianze na siku yenyewe, maana hapa kila mtu anaisimulia kivyake. Unajua wachumaji waliamka na hasira. Zile mashine za kuchuma zilikuwa zimeletwa, na kila mashine iliyoshuka kwa lori ilikuwa inafukuza watu kambini. Saa mbili asubuhi mashine mbili zilikuwa zinawaka moto katikati ya chai. Halafu askari wa kampuni wakaingia na mbwa na rungu. Walipiga wanawake wakiwa na vikapu mgongoni. Waliokimbilia mtoni walifuatwa huko huko na kupigwa ndani ya maji. Kufika saa sita tulikuwa na watu ishirini na tatu kwenye sakafu ya zahanati. Kuna yule mama wa Roret, taya limevunjika, anajaribu kutamka jina lake mdomo umejaa damu, na wewe umepiga magoti, sikio karibu na midomo yake, mpaka ukalipata. Sista alishona, wewe ukaandika. Jina, kambi, jeraha, na aliyempiga. Ile safu ya mwisho meneja hakuipenda tangu zamani, lakini hukuifuta.

Saa tisa wakaja kuwatoa waliolala pale. Ulisimama mlangoni, mfupi vile ulivyo, kalamu iko nyuma ya sikio. Ulisema, "Hawa ni wagonjwa. Mkitaka mtu, nichukueni mimi."

Mkubwa wa askari akainua mkono. Rungu lilikupata juu ya sikio. Ukaanguka. Akakupiga tena ukiwa chini, na tena. Mimi niliyaona hayo yote nikiwa chini ya meza ya dawa, nimejikunja, nimeuma kitambaa changu cha kichwa ili nisitoe sauti. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, Mama. Hatua tatu tu.

Walipoondoka wakiburuta wagonjwa wawili, nilitambaa nikakufikia. Ukaniuliza, "Nyathina, mwanangu, umeniandika?" Nilidhani umeanza kuweweseka. Ukarudia. Basi nikakaa kwenye kompyuta, vidole vinateleza kwa damu yako, nikajaza mstari wa ishirini na nne kwenye faili la kambi yetu. Jina lako. Jeraha la kichwa. Rungu. Jina la mkubwa wa askari. Nika-save. Kisha nikafungua faili kubwa la kambi zote, nikalikubalia lichukue mapya, nikaliona jina lako limeingia, nika-save tena. Gari la kukupeleka hospitali ya Kaplong lilikuwa linanguruma nje. Ulikufa siku ya tatu bila kufungua macho.

Lile faili kubwa. Unakumbuka nilivyoliharibu wiki yangu ya kwanza? Kambi nne, kila moja na faili lake la majeruhi, na sisi tukiziweka zote pamoja kwa Excel, sheet moja kwa kila kambi. Nilipokuwa nanakili sheet ya kambi ya juu, nikasahau kutia tiki pale pa kufanya nakala, na sheet nzima ikahama. Wenyewe wakabaki hawana. Ulinichapa vidole na rula, halafu ukacheka mpaka ukashika tumbo, ukanigawia mahindi yako ya kuchoma. Ndipo ukanionyesha kubandika kwa linki. Ulisema ukinakili tu, unapata picha ya siku hiyo na basi; ukiunganisha, kambi wakiandika kule, huku nako kunaandikika. Ulinikataza kubadilisha majina ya mafaili, kwa sababu linki itatafuta jina la zamani na kulikosa. Na kila nilipofungua faili likauliza kama lichukue mapya, ulikuwa unanishika mkono. "Usikimbilie kusema ndiyo. Kwanza ujue nani amegusa kule yanakotoka."

Wiki moja baada ya mazishi, meneja aliniita. Alitaka ripoti ya mwezi ichapishwe ipelekwe juu. Kampuni ilikuwa imeshawaambia watu kwamba uliteleza kwa ngazi. Alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Faili kubwa likafunguka, likauliza. Nikabonyeza hapana. Majina yote ishirini na manne yalikuwa pale, na lako mwisho.

Akasema, "Hiyo ni ya zamani. Update."

Nilimwambia kompyuta inajivuta, nipewe dakika chache. Simu yake ikaita, akatoka. Nikafungua faili la kambi yetu. Siku ile ilikuwa tupu, wamepangusa kila kitu, hata yule mama wa taya. Nililinakili faili kubwa jinsi lilivyokuwa, nikaliweka kwenye flash. Halafu, Mama, nikafanya alivyoagiza. Nikabonyeza ndiyo. Mahali pa jina lako pakaja sifuri, maana linki isipokuta kitu huandika sifuri. Niliichapisha ile karatasi ya sifuri kwa mkono wangu mwenyewe, nikampelekea, na nikasema asante alipoipokea.

Pale geti walinipekua. Mkubwa wa askari mwenyewe alimwaga mkoba wangu kwenye matope, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia chakula. Alinipiga kofi la kwanza, la pili likang'oa jino. Flash nilikuwa nimeificha ndani ya pedi, na huko hakuthubutu. Nilitembea mpaka barabarani nikitema damu, na jioni hiyo nikaikabidhi kwa polisi aliyekuwa anachunguza kifo chako. Baadaye walichukua na kompyuta ya zahanati. Kazi nimefukuzwa. Mlango wa nyumba yetu ulivunjwa kwa shoka mchana, mama yangu akiwa ndani na ng'ombe bado hajakamuliwa.

Leo wakili alisema majina yeyote anaweza kuyaandika akiwa nyumbani kwake. Hakimu akaniambia nieleze. Nikaeleza kama ulivyonieleza, polepole, kwa Kiswahili cha kambini, kwamba faili kubwa halibuni jina, linabeba tu yaliyoandikwa kwenye faili la kambi. Kisha nikalifungua mbele yao kwenye ile kompyuta ya zahanati, nikabonyeza hapana, wakayaona majina. Nikafungua nakala nyingine ya faili lile lile, nikabonyeza ndiyo. Yakaondoka yote mara moja, sifuri juu mpaka chini. Yule mama wa Roret alikuwa amekaa nyuma, akaanza kulia na taya lake lililopona vibaya. Mkubwa wa askari alitazama viatu vyake.

Wakili akauliza nilikuwa wapi ukipigwa.

"Chini ya meza."

Mtu akacheka. Wakili akauliza, "Na hukufanya lolote?"

"Nilimwandika," nikasema.

Awuor wako alikuwa pale. Amemaliza Form Four, amekuwa mrefu kukushinda, na anaishi na dada yako. Hakuwa amejua habari ya meza. Tulipotoka nje alinizaba kofi, mbele ya watu wote. Sikujikinga. Nilimwambia sina la kujitetea, na nikamsimulia kila kitu, mpaka ulivyopumua kwenye lile gari. Alisikiliza amenigeuzia mgongo. Mwishowe akaniuliza hukumu inasomwa lini, nikamwambia mwezi ujao. Akasema tutaingia pamoja.

Kwa hiyo tutaingia pamoja, Mama. Nakuahidi nitakaa benchi la mbele, mahali ambapo yule mtu ataniona. Akifungwa, nitakuja na Awuor mpaka kwenu ziwani, nikuambie mwenyewe kaburini. Akiachiliwa, tutakata rufaa, na nitasimama tena niulizwe nilikuwa wapi, na nitajibu vile vile, hata wakicheka korti nzima. Naogopa bado. Lakini naogopa nikiwa nimesimama.

Kwaheri kwa lugha yako, oriti, Mama Awuor. Na kwa lugha yetu uliyokuwa unaivunja kila asubuhi ukinisalimia, saisere.

Chebet