Kazi Nyingine za Pawa Saplai

Jumatano. Mvua tangu asubuhi. Nyuma ya soko la Volo Volo ni tope tupu, mteja hajaonekana, na mimi nina uchungu mdomoni kama mtu aliyetafuna dawa bila maji. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyokua nayo Unguja kabla baba hajaturudisha Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa sababu majirani zangu hapa Moroni hawakisomi. Leo nahitaji wasikisome.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mwaka jana ofisi moja ilitupa kompyuta zake mbovu, nikazibeba zote. Zilikuwa zimekufa, lakini pawa saplai zake, yale masanduku ya chuma yenye feni yanayoipa kompyuta umeme, nyingi zilikuwa nzima. Nilipata kumi na nne. Sikuwa na moyo wa kuzitupa, nikaanza kuzitafutia kazi.

Ukiunganisha waya wa kijani na mweusi, pawa saplai inawaka bila kompyuta yoyote. Waya wa njano unakupa volti kumi na mbili, mwekundu unakupa tano. Ya kwanza ikawa inaendesha redio ya gari juu ya meza yangu. Ya pili nikaifanya ya kuchajia simu. Nyingine nilimpa fundi cherehani, akafunga taa ya gari juu ya mashine yake. Muuza mishikaki wa pale kona akapata feni ya kupulizia mkaa, akanishukuru wiki nzima. Nilijiona mtu wa maana katika mtaa huu.

Aliyekuja kila siku ni Mama Echati, mwenye duka la vitambaa lililopakana na langu. Aliweka simu yake ichaji, akakaa kwenye benchi, tukaongea. Yeye ni mmoja wa wale Wakomoro waliofukuzwa Madagaska mwaka sabini na saba. Siku moja alinisimulia jinsi jirani yao wa kule mjini Mahajanga, mwanamke waliyekuwa wakipakuliana naye chakula, alivyosimama mlangoni akiwatazama wanatolewa, asiseme neno. "Nilimwita kwa jina," akaniambia. "Akaingia ndani."

Nililia siku ile. Yeye hakulia.

Sasa kisiwa changu, Nzwani, kimejitenga na serikali ya hapa Moroni, nayo imekifungia njia. Boti za Mutsamudu haziendi tena. Mama yangu yuko kule, na ana pumu. Ana mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, anaouvuta kwa kifuniko cha puani. Umeme ulipanda ghafla siku moja ukaunguza chaja yake, na Mutsamudu nzima hakuna nyingine ya kununua. Kaka yangu Bakari aliniambia kwa simu, "Siku hizi Mama analala amekaa."

Mashine ile inataka volti kumi na mbili tu. Mimi nilikuwa na rafu imejaa volti kumi na mbili.

Nilichagua pawa saplai nzuri kuliko zote. Nikalehemu waya, nikaweka kichwa kinachoingia kwenye mashine ya Mama, nikafunga na taa ya breki ya gari, kwa sababu pawa saplai ya aina hii isipobebeshwa mzigo kidogo volti zake huyumba. Nikaifunga kwa utepe mweusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisafiri kwa boti kwenda kisiwa cha Mwali alikubali kuibeba, na kutoka Mwali kuna watu wanaovuka kwa njia zao.

Haikuvuka. Jumamosi, bandarini, askari wa ukaguzi alifungua mzigo wake akakuta sanduku la chuma, nyaya, taa na utepe mweusi. Kusema kweli, hata mimi ningeshtuka.

Juzi Jumatatu, askari wawili wakaingia dukani kwangu wamelibeba sanduku lile.

"Hii ni nini?"

"Pawa saplai ya kompyuta. Ni ya kuendeshea mashine ya dawa ya mama yangu."

"Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Haihitaji kompyuta."

Nilipolisema hilo niliona uso wa askari aliyeniuliza unabadilika. Akaniuliza ninazo ngapi. Nikageukia rafu nikaanza kuhesabu, na kwa woga ulimi ukanirudisha kwetu, nikahesabu kwa Kinzwani, lugha ya kisiwa chetu. Miaka tisa nimesema lugha ya Moroni, hata ndotoni, na nikaja kuanguka kwenye namba.

"Kumbe wewe ni wa kule," akasema, taratibu kabisa.

Walikusanya kila kilichokuwa kwenye rafu. Mwenzake akatoka nje, akamkuta Mama Echati amesimama mlangoni kwake.

"Unamjua huyu?"

Mama Echati alitazama mikono yangu, si uso wangu.

"Simjui vizuri. Ni mtu wa Nzwani."

Walinihoji mpaka alasiri. Hawakunigusa. Waliniachia kwa onyo kwamba nisitume tena kitu chochote, na pawa saplai zangu zikabaki kwao. Nadhani zimerundikwa kwenye kona fulani, zinangoja mtu wa kuwaeleza ni nini.

Jana asubuhi laini ya Mutsamudu ilikubali. Bakari ni mpakizi wa bandarini, tangu bandari ifungwe anakaa tu. Nikamwambia atafute kompyuta yoyote iliyokufa, achomoe sanduku lenye feni. Alirudi kwenye simu anahema. Ameipata kwa jirani, na umeme ulikuwa umekuja.

"Usichomeke kwanza. Tafuta waya wa kijani."

"Dada, zote zina vumbi. Zote zinafanana."

"Shika ile plagi kubwa. Upande wenye kishikio, kuna waya mmoja uliokaa peke yake kati ya weusi wawili. Umeuona?"

Nikasikia anafuta vumbi. 

"Nimeuona."

Tulikwenda hivyo waya kwa waya, mikono yake iliyozoea magunia ikishika vitu vyembamba kama uzi. Nilimfanya arudie kila nililosema, kwa sababu akikosea waya ataiunguza na mashine yenyewe. Alipochomeka, nikasikia feni. Kisha nikasikia mashine ya Mama ikikoroma. Nilisikiliza tu, mpaka Mama akaomba simu.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Watu wa huko wanakutendeaje?"

"Vizuri, Mama. Ni watu wazuri."

Laini ikakatika.

Ningeishia hapo, ingekuwa habari njema. Mama anapumua. Lakini leo asubuhi, katikati ya mvua, Mama Echati ameingia ameshika simu yake kama kila siku. Hakukaa kwenye benchi.

"Ningesema nini?" akaniuliza. "Mimi nilishafukuzwa mara moja. Nina umri wa kufukuzwa tena?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Badala yake nikamwambia, "Wamechukua zote. Siwezi kukuchajia."

Haikuwa kweli. Moja ilikuwa chini ya meza, askari hawakuiona, na ilikuwa inawaka. Feni yake ina kelele. Tulisimama pale sote wawili tukiisikia. Mama Echati aliitazama meza, akanitazama mimi, akaiweka simu kwenye mfuko wa gauni.

"Haya," akasema. Akatoka.

Nakiri kwamba nilifurahi. Furaha ile ilidumu kiasi cha yeye kufika mlangoni kwake, na tangu hapo nimekaa na kifua kizito. Najiambia nilikuwa na haki. Najiambia yeye alikuwa na hofu, na kwamba nami Jumatatu, kama wangeniuliza mimi habari za fundi cherehani mbele yake, sijui ningesimama wapi.

Sijui, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pawa saplai walizochukua.

Kesho nitafungua duka saa mbili. Yeye hufungua kabla yangu, na milango yetu imepakana. Itabidi mmoja wetu aanze salamu.