Nyuma ya Sahihi ya Mkimbiaji

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimekata sahihi tena. Barua ya mwanamuziki, programu ya mechi ya zamani. Wembe, rula ya chuma, pumzi nimeshikilia. Sahihi ikitoka, Anko Wycliffe anaibandika kwenye kadi, wateja wa ng'ambo wanaigombania. Anasema mkono wangu hautetemeki. Mdomo ndio hutetemeka, lakini hapa hakuna wa kuongea naye. Raha yangu.

Makaratasi anayanunua kwa kilo, yale ya kufungia njugu. "Sisi tunaokoa," anasema. Naamini. Kile kinachobaki na shimo nakitupa haraka. Sipendi kukiangalia.

Jumanne, 12 Agosti

Anko amerudi nyumbani hapa Section 58 na kitabu cha wageni cha mazishi ya Babu. Amepewa na Kukhu, nyanya yangu, mama yake Anko, huko Subukia. Babu alikuwa mwalimu. Alimfundisha yule mkimbiaji maarufu akiwa bado anakimbia miguu mitupu, na mkimbiaji akaja kumzika, akaweka sahihi. Kukhu alimwambia Anko achukue, si ni jina tu.

Nimegeuza ukurasa. Nyuma ya sahihi, mahali palepale: *Mama Nafula, jirani. Pole dada. Niko jikoni.* Herufi kubwa, zimepinda.

Mama Nafula alikufa mwaka jana.

Zile zingine zote nilizokata, sikuwahi kugeuza. Hata moja.

Nimemwambia Anko wembe ni butu. Uongo.

Alhamisi, 14 Agosti

Ameleta pakiti nzima ya nyembe. Mteja anangoja. Nimemwonyesha nyuma ya ukurasa. Ameangalia, akaangalia tena.

"Sasa wewe, nani atanunua Mama Nafula?"

Halafu polepole: "Piga picha basi, tumwekee Kukhu."

Nilitaka kusema kalamu yake ilikandamiza, ukipitisha kidole unasikia maneno. Picha haina hiyo. Nikasema "sawa". Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Najichukia nikisema sawa.

Nimerudi. Nimemwambia sikati kabla Kukhu hajasikia. Sentensi nzima! Anko akacheka, "Bubu ameongea! Haya, Jumapili twende umsomee mwenyewe."

Sijala.

Jumapili, 17 Agosti

Subukia. Macho ya Kukhu hayaoni maandishi siku hizi. Nimemsomea sahihi ya mkimbiaji, akaitikia tu. Nimegeuza, nikasoma ya Mama Nafula. Polepole, hadi "niko jikoni".

"Kumbe naye aliandika? Mimi nilijua yuko kwa sufuria tu!"

Alicheka hadi akajifuta macho na kitambaa cha kichwa. Akashika ukurasa kwa kidole, nikamwelekeza mahali.

"Wycliffe, hii haikatwi. Huyo wako wa mbio alikula kuku akaenda. Huyu ndiye alimchinja huyo kuku."

Nilingoja Anko abishe. Badala yake alimwandikia mteja kwa simu kwamba haiuzwi, akaiweka mfukoni. Akachukua kitabu, akaanza kupekua kutoka mwanzo, polepole, kama anatafuta kitu.

"Mathe, mbona jina langu haliko?"

"Wenyeji hawaandiki," Kukhu akasema. "Wewe ndiye ulifiwa, mwanangu."

Anko akabaki na kitabu magotini. Kukhu akasogea karibu naye kwenye benchi.

Nikatoka nikaweka chai motoni. Sikuharakisha.