Eda ya Mtu Aliye Hai

Kasongo, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kile kikohozi kimekuachilia. Sisi huku kwa shangazi Mounira hatujambo, ila goti lake linauma, naye analalamika kuliko goti lenyewe. Faridah wangu ameota upya yale meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na anatutafuna kwa maswali.

Nimempa Atumani wa pikipiki barua hii na kumwomba awahi kufika Kabambare kabla ya redio na midomo ya watu. Kichwa changu kimevurugika, Mama, kwa hiyo uniwie radhi nikirukaruka.

Kesi imekwisha. Mahakama ya kijeshi ilikaa hapa siku tisa. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja nyuma ya pazia, na hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Mimi nilikuwa F-Saba. Yule aliyenikamata nikitoka shambani Wamaza, akaniweka porini mwaka na nusu, alikaa upande wa pili. Nilimsikia akisafisha koo, nikamjua hapo hapo, na nikajichukia kwa kumjua.

Unakumbuka tuliletewa habari kwamba ameuawa, ukanikalisha eda miezi minne na siku kumi. Basi eda hiyo hiyo ndiyo waliyoileta mahakamani. Wakili wake alimwita Sumaili, jirani yetu, aeleze alivyoniona kwako katika nguo nyeupe. Kisha akawaambia majaji kwamba mwanamke hakai eda ya mtu asiye mume wake, kwa hiyo mteja wake alikuwa na mke, hakuteka mtu. Nilisikia watu wakiguna kama wanaokubali.

Jaji akaniuliza ni nani aliyetuoza, na mashahidi walikuwa nani. Metre Elsa, wakili wetu, alinishika bega. Nikajibu, “Hakukuwa shehe. Ilikuwa bunduki tu.”

Amepewa miaka ishirini. Wakasema haikuwa ndoa, ulikuwa utumwa. Wenzangu walikumbatiana, mimi nikabaki nimekaa. Wewe unajua neno hilo lilivyo kwetu. Bibi aliacha chakula cha arusi kwa sababu mtu alinong'ona kwamba babu yake aliletwa soko la Nyangwe akiwa na minyororo. Leo mimi ninalo neno hilo kwenye karatasi yenye muhuri, na watu wananipongeza. Nicheke au nilie? Metre Elsa anasema linamwaibisha yeye, si mimi. Asubuhi namwelewa, ikifika jioni simwelewi tena.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Niliporudi na Faridah mgongoni, nilikuambia kwamba shehe alitusomea. Nilikudanganya, Mama. Nilikuona mlangoni ukimtazama mtoto, ukiwatazama majirani. Uongo ukanitoka wenyewe, nawe ukauamini, ukaifua nguo nyeupe kwa mikono yako. Uongo huo nusura umfungulie yule mtu mlango, na wale kumi wakose haki yao kwa ajili yangu. Naona haya mbele yao, na mbele yako zaidi. Nisamehe.

Lakini kuna jambo sikulisema mahakamani, maana hakuna aliyeniuliza. Siku zile za eda ulikaa kizingitini na kumrudisha kila mwanamume, hata mjomba. Mimi nililala ndani usingizi mzito, wa kwanza tangu Wamaza. Kama eda ile ilikuwa batili, sijui niite nini usingizi ule.

Ukiwa na hasira, mwambie Atumani nisubiri. Ukinitaka, Ijumaa nitapanda pikipiki na Faridah. Ila ile nguo nyeupe usimpe mtu. Sijui ni ya nini sasa, lakini ni yangu.

Shangazi anakusalimu, goti na yote. Nisalimie majirani, na Sumaili pia, ukiweza.

Ni mimi mwanao, ambaye bado hajaolewa,

Mwamvita