Kwaya Nzima Ilizunguka Uingereza Bila Nyama kwa Sababu Yangu

Mpendwa Mama Salvina, naomba msaada, na nakusihi usilitaje jina langu gazetini, maana huku Kirua Vunjo ukurasa wako unasomwa kuanzia kwa mchungaji hadi kwa fundi baiskeli, na nikijulikana sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na sita, nimeolewa na Yoramu na tuna watoto wawili. Ni katibu wa kwaya ya usharika wetu, na mwenyekiti wa kwaya hiyo ni baba mkwe wangu, Mzee Ebenezeri, mtu wa sauti ya besi na mpenda nyama kuliko binadamu yeyote ninayemfahamu. Sasa shida yangu ni kwamba huu ni mwaka wa tano sili nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, na hakuna anayejua. Ilianza tulipomzika mama yangu mzazi, ng'ombe aliyechinjwa kulisha waombolezaji alikuwa yule niliyemlea mwenyewe tangu ndama, niliyekuwa namkatia majani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na shangazi aliponiletea sahani nikashindwa kumeza, na tangu siku hiyo sijaweza tena na wala sitamani kuweza. Lakini Mama, wewe unajua kwetu nyama ni zaidi ya chakula, Desemba watu wakirudi nyumbani kila mtu ana kipande chake, cha baba, cha shangazi, cha mkwe, na ukikikataa kipande chako umemkataa aliyekukatia. Nikaona njia rahisi ni kusema nina vidonda vya tumbo. Yoramu naye, kwa mapenzi yake, akaanza kunichemshia supu ya mifupa kila Jumamosi ili vidonda vipone, na mimi huimwaga kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko, na sasa mgomba huo umenenepa kuliko wote kihambani.

Mwaka jana usharika rafiki wa Uingereza ulitualika, watu kumi na mmoja, siku kumi na mbili, tukaimbe katika makanisa ya miji mbalimbali. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu aitwaye Victoria, akaniandikia barua pepe akiuliza kama kati yetu yupo asiyekula vyakula fulani. Nilikaa na ile barua siku mbili. Nikiandika kwamba ni mmoja tu, nilijua tukifika atasimama mbele ya watu aulize ni nani, na baba mkwe atageuka kunitazama. Nikaandika kwamba wanakwaya wetu hawali nyama, samaki, mayai wala maziwa, nikatuma, nikafunga kompyuta. Nilidhani watatuongezea mboga kidogo pembeni. Kumbe wale wenzetu ukiwaambia jambo wanaliandika na wanalitekeleza.

Mama, yule mwanamke alituhangaikia. Kwenye simu yake alikuwa na programu inayomwonyesha, kila mji, migahawa ambayo haipiki kitu chochote cha mnyama, wenyewe wanaiita vegan, na kabla ya kila safari alipiga simu kuuliza kama maharage yao yanakaangwa kwa siagi na kama supu ya mboga haikuchemshwa na mifupa ya kuku. Leeds alitupeleka kwa Wahindi, tukala dengu na chapati, watu wakafurahi, wakasema ni kama tuko Moshi mjini. Edinburgh tukaletewa chakula chao cha sherehe, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa maini na mapafu ya kondoo, ila hiki chetu kilikuwa cha dengu, shayiri na uyoga, baba mkwe akala kwa heshima zote kisha akaniuliza ni sehemu gani ya kondoo, na mkalimani ni mimi, nikamjibu kwamba wenyeji wanasema kondoo wa huko ni laini sana. Kila asubuhi tulipewa soseji za soya. Mama Ndelilio, mkongwe wetu wa sauti ya kwanza, alizitafuna siku mbili, siku ya tatu akaiweka chini akasema, "Hii soseji haijawahi kuwa na mama." Tukipita mbele ya bucha wakaniuliza, nilisema nyama huko ni ya wenye nacho, na kwa kuwa mgeni halalamikii mezani, wakanyamaza wakala.

Wales tulikwama. Mvua ilikuwa inanyesha, kijiji kina baa moja tu iliyo wazi, na kila kilichoandikwa kwenye menyu kina nyama au jibini, hata chipsi zilikuwa zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Victoria akaingia mwenyewe jikoni kuzungumza na mpishi, akatoka na viazi vya kuokwa na maharage ya kopo, akatuomba radhi huku macho yamelowa, akisema amewaangusha wageni wake. Kesho yake mjini Cardiff akatufidia kwa Waethiopia, tukanawa mikono tukala kwa vidole sinia moja, na hapo Mama Ndelilio akakiri kwamba sasa Uingereza inaanza kuwa na adabu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka mitano. Nilikaa meza moja na baba mkwe wangu siku kumi na mbili, nikala kila nilichowekewa, nikaomba kuongezewa, sikusema uongo wa tumbo hata mara moja. Kila mji niliandika kwenye daftari jina la mgahawa na kile tulichokula, kama mtu atakayerudi.

Lakini tukiwa njiani kwenda London, basi liliposimama kwenye kituo cha mafuta, nilizunguka nyuma kutafuta choo nikamkuta Victoria amesimama ukutani anakula mkate wa nyama haraka haraka, na aliponiona akauficha nyuma ya koti, akaona haya kama mwanafunzi aliyekamatwa na muwa darasani. Akaniomba nisiwaambie wenzangu, eti asingependa kutukwaza. Nikamwambia asijali. Nilirudi kwenye basi, na ndipo nilipoelewa kwamba hata mwenyeji wetu anafunga kwa ajili yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya kurudi. Mzee Ebenezeri alitoa taarifa ya safari kanisani, akasema wenzetu wa Uingereza wana upendo mwingi ila kwa upande wa nyama hali yao inasikitisha, na usharika ukaguswa. Victoria na wenzake sita wanafika Jumamosi ya wiki ijayo. Kamati imeamua wachinjiwe mbuzi watatu, na baba mkwe amemtoa beberu wake aliyemfuga ndani mwaka mzima, ili wageni hao wapate kula nyama japo mara moja. Na juzi Victoria ameniandikia kwamba kwa kuheshimu desturi yetu wote saba wameacha nyama tangu mwezi uliopita kwa mazoezi, na mmoja wao, Mathew, inamwia vigumu lakini anajitahidi.

Mama Salvina, nifanyeje? Nimefikiria kusema naumwa siku hiyo. Nimefikiria kumwandikia Victoria kwamba tumebadilisha desturi. Nimefikiria hata kula hiyo nyama mbele yao yaishe. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Katibu wa Kwaya,
Kirua Vunjo

*

Katibu,

Umeniomba nisikutaje, halafu umenitajia mume, baba mkwe, cheo, kijiji na mgomba. Majina yote nimeyabadilisha na kijiji nimekihamisha. Mgomba nimeshindwa kuuficha, kwa hiyo usishangae jirani akianza kuchungulia nyuma ya jiko lako. Na kwa kuwa gazeti letu hutoka Jumatano, wageni wako wakiwa wamebakiza siku tatu tu kufika, majibu haya nilikusomea kwa simu siku ileile nilipoipata barua. Hapa nayachapisha kama ulivyoyasikia.

Kwanza pole. Pole ya mama yako, na pole ya ng'ombe wako, maana naona katika miaka mitano hakuna aliyekupa pole hiyo ya pili. Mtu aliyemlisha mnyama kwa mikono yake kisha akaletewa sahani yake siku ya msiba wa mama yake, akishindwa kumeza si mgonjwa wala hana majivuno. Acha kujiita mgonjwa.

Pole imekwisha, sasa nikuseme. Kutokula nyama hakujawahi kumfukuzisha mtu kwao hapa mlimani. Tunao Wasabato wasioigusa kabisa, tunao wazee waliokatazwa na daktari, na wote wanaalikwa harusini na wanakaa mbele. Wewe kosa lako ni lingine. Uliogopa macho ya mtu mmoja, ukaamua watu kumi wafunge bila kujijua, ukamlisha mzee wa watu dengu ukamwambia ni kondoo. Nilicheka niliposoma, sitakuficha. Kisha nikamfikiria yule mama wa watu akila mkate wake nyuma ya kituo cha mafuta, nikaacha kucheka.

Unasema ukikataa kipande umemkataa aliyekukatia. Sawa, nami nimezaliwa huku, najua. Lakini nikuulize: Victoria, ambaye si ndugu yako, aliingia kwenye jiko la watu asiowajua kukuombea viazi, kwa sababu tu ulimwambia huli. Baba mkwe wako, aliyekupokea nyumbani kwake, hujamwambia lolote. Unamhukumu kwa jambo ambalo hujampa nafasi ya kulifanya. Hapo ndipo ulipomkataa, mama. Nyama haihusiki.

Hayo matatu uliyoyafikiria yaache yote, na la kula nyama ili yaishe liache mara mbili, maana utatapika mbele ya wageni.

Utafanya hivi. Jioni ya leo mwambie Yoramu, peke yenu, na usianze na Uingereza, anza na msiba. Kesho asubuhi mwende wawili kwa Mzee. Toa shikamoo yako, kaa, sema moja kwa moja, usimzungushe, wala usimpelekee zawadi kana kwamba unanunua msamaha. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Baada yake iambie kwaya, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, siku ya mazoezi. Victoria mpigie simu, usimwandikie, kwa sababu tumeshaona unavyoandika. Mwambie wote wale wanachopenda.

Mbuzi wachinjwe kama ilivyopangwa. Lakini siku hiyo uingie jikoni mapema, upike sufuria mbili kubwa, moja ya kiburu, ndizi na maharage yake, nyingine ya kitalolo, ndizi za kuponda zenye majani ya kutosha, pasiwe na samli wala mfupa, na uziweke mezani waziwazi pamoja na vyakula vingine. Huenda yupo mwingine kama wewe, mgeni au mwenyeji, anayesingizia tumbo.

Na lile daftari lako la migahawa lilete ofisini. Napata barua za vijana wanaokwenda kusoma huko wasiojua wale wapi. Nitawaambia ulichojifunza: mji mkubwa tafuta Mhindi au Mwethiopia, uliza habari za siagi na supu kabla ya kuagiza, na vijijini beba ndizi zako.

Mama Salvina

*

Wiki tatu baadaye Katibu aliniandikia tena, akaniruhusu kuchapisha.

Mpendwa Mama Salvina, nilifanya kama ulivyosema, ingawa ile jioni ya kwanza nilikaa na Yoramu mpaka chai ikapoa ndipo nikaanza. Alisikiliza yote. Kilichomuuma zaidi ni supu, akaniuliza Jumamosi ngapi, nikashindwa kuhesabu, akatoka nje akakaa huko kwa muda. Aliporudi akasema kesho atanisindikiza.

Mzee Ebenezeri aliniacha nikamaliza. Akauliza, "Na yule kondoo?" Nikamwambia ni dengu, baba. Kisha akaniuliza ng'ombe wangu aliitwa nani. Nikamwambia aliitwa Sekunda, nikalia, kwa kuwa tangu azikwe mama hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hakusema kwamba amenisamehe. Siku mbili hakunisemesha, na Mama Ndelilio hakunisalimia mpaka Ijumaa. Victoria kwenye simu alicheka na kulia kwa pamoja.

Jumamosi wageni walikula nyama kama watu waliotoka kufunga, ndivyo ilivyokuwa kweli, isipokuwa Mathew. Yeye alisema mwezi ule umemzoesha, akarudia kiburu mara mbili akaniomba nimwandikie kinavyopikwa.

Wakati wa kugawa, Mzee Ebenezeri alikata mwenyewe, akiita kila mtu kwa nafasi yake. Ilipofika zamu yangu alikata kipande cha mkwe kama kila mwaka, akakiinua watu wote wakakiona, mchungaji, wageni, kwaya nzima.

"Hiki ni cha mkwe wangu," akasema. "Yeye hali nyama. Kuanzia leo nitamlia mimi, na mtu yeyote asimuulize."

Akakiweka kwenye sahani yake, akachukua bakuli la kiburu akaniletea kwa mikono yake. Nilipokea, nikakaa kwenye kiti chake alichonipisha, nikala.