Kipa Aliyeketi Uwanjani

Gatsata, 12 Mei 1991

Dada Xavérine,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama ni mzima, ila magoti humsumbua mvua ikinyesha. Wewe na shemeji hamjambo huko Bujumbura?

Jumapili iliyopita tuliingia fainali. Nilidaka penalti, halafu nikaruka kufuata kona, nikagonga kichwa kwenye mlingoti. Wanasema nilianguka kama gunia, nikainuka, nikacheza hadi mwisho watu wakiimba jina langu. Nasema "wanasema" kwa sababu kipindi cha pili chote sikikumbuki. Hapa gereji wananicheka. Kichwa bado kinauma kidogo na mwanga wa jua unanikera, lakini fainali ni tarehe 26. Tuombee.

Mdogo wako,
Cyriaque

Bujumbura, 18 Mei 1991

Mdogo wangu Cyriaque,

Nimefurahi kusikia Mama ni mzima. Sisi hatujambo. Kuhusu kichwa, sijafurahi.

Mwezi uliopita wodini kwetu aliletwa mwanafunzi mchezaji. Aligongwa Jumamosi, akarudi uwanjani Jumatano kichwa kikimuuma. Mpira ukamgusa tu, akaanguka. Ijumaa tulimfunika shuka. Baba yake aliniambia, "Alisema kinamuuma. Nikamwambia mwanaume hadeki."

Kwamba umesimama haina maana ubongo uliotikiswa umepona. Pigo la pili, hata dogo, laweza kuua. Usicheze mpaka maumivu yaishe kabisa na daktari akuruhusu. Ukinikasirikia, kasirika. Ila usicheze.

Dada yako,
Xavérine

Gatsata, 3 Novemba 1991

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Nisamehe kwa kimya. Nilikukasirikia kweli.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya fainali. Nilikutii nikakaa benchi, tukafungwa mbili bila. Kocha Eustache alininyang'anya glavu mbele ya watu, na mtaani wakaniita Bibi Harusi. Kichwa kiliuma hadi Julai. Gerejini nilikuwa nikitafuta jina la spana iliyo mkononi mwangu na silipati. Ndipo nilipoanza kukuamini, lakini aibu ilinizuia kuandika. Septemba daktari aliniruhusu, kocha akanirudisha golini.

Sasa sikia. Jumapili ya kwanza ya Oktoba Nduwayo, mshambuliaji wetu, aligongana vichwa na beki wao. Akainuka, akaja kuelekea goli letu sisi. Akaniuliza matokeo. Nikamjibu. Akaniuliza tena. Nikamwita kocha nikamwomba amtoe, akasema Nduwayo ni mwanaume, aendelee.

Nikaketi chini, kwenye alama ya penalti.

Refa akaniamuru niinuke. Nikamwambia, "Huyu akicheza, mimi sidaki." Watu wakanirushia maganda ya miwa. Mabeki wawili wakaja kuninyanyua kwa makwapa. Mmoja, Rugamba, alimtazama Nduwayo usoni, akaniachia, naye akaketi. Mwishowe tulikuwa saba chini, na refa akapuliza filimbi kuvunja mchezo.

Tulimpeleka Nduwayo hospitali kwa pikapu ya gereji. Njiani alianza kutapika. Daktari alikuta damu inakusanyika ndani ya fuvu, wakampasua jioni ile ile. Alisema kama angecheza dakika kumi zaidi tungembeba vingine.

Yuko hai. Anaongea polepole, na mkono wa kushoto bado mzito. Mama yake anamlisha uji, na mimi humpeleka kutembea hadi barabarani.

Mdogo wako,
Cyriaque

Bujumbura, 14 Novemba 1991

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na barua yako imesomwa wodini mara tatu. Sista mkuu alivua miwani. Nimefanya kazi na madaktari miaka tisa, na sijui ni wangapi kati yao wangekaa kwenye nyasi wakirushiwa maganda ya miwa kwa ajili ya kichwa cha mtu mwingine. Nduwayo asirudi uwanjani mwaka huu, wala ujao, hata akikuomba kwa machozi. Mwambie mama yake uzito wa mkono hupungua akiutumia kila siku.

Nami nikuambie jambo. Tangu Mei sikupata neno kutoka kwenu. Niliamini umecheza. Kila wiki nilikwenda posta nikijua barua ikija itakuwa na mwandiko wa Mama, ikileta msiba. Juzi wakanipa bahasha. Ulikuwa mwandiko wako, Cyriaque. Karani alisubiri sana kabla sijaweza kuondoka dirishani.

Dada yako anayejivunia,
Xavérine