Mkono wa Meya Brockway

Alhamisi, 1 Agosti 1878

Barua thelathini na moja leo! Zote nimezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kapu la kushoto za ofisi, kapu la kulia zake binafsi. Ofisi ni chumba cha chini hapa nyumbani kwake: Mjomba anakaa dirishani, mguu juu ya kigoda, anasema maneno matatu, mimi najaza ukurasa. Tangu risasi imvunje mkono wa kulia vitani hajaweza kuandika mstari unaosomeka. Mwaka wa sita huu mkono wake ni mimi, Orpha Dunning, mtoto wa dada yake, na mji mzima wa Wexcombe unalijua hilo. Hata sahihi naweka mimi: T. Brockway, Meya. Mkia wa ile y nauvuta kwa madaha. Watu wananiita “mkono wa Meya”. Wanadhani wananikera. Thubutu!

Za leo: mzee wa mtaa wa watengeneza ngozi analalamika nguruwe wa jirani wanalala kwenye ngazi za kanisa. Mwingine anataka kazi ya kuwasha taa, kwa sifa kwamba ni mrefu. Na mjane mmoja wa Peoria, hajapata hata kumwona Mjomba, anauliza kama bado ana mke. Hiyo niliisoma kwa sauti. Mkaza mjomba, Bi Rhoda, alikuwepo, anafuma soksi.

“Mjibu,” akasema bila kuinua uso. “Mwambie anaye, na hamkodishi.”

Nimeandika kwa adabu zaidi kidogo.

Jumanne, 6 Agosti

Homa ya manjano inapanda na mto. Miji mitatu ya kusini sasa. Baraza limefunga gati — hakuna stima kutoka chini kutia nanga hapa mpaka baridi iingie. Bw. Leander Crane, mwenyekiti wa baraza, anataka walinzi wenye bunduki. Mjomba kakubali. Tangazo nimeliandika mimi.

“Likaze, mpwa wangu,” akasema. “Neno marufuku litokee mara mbili.”

Nimeliweka mara tatu.

Jumamosi, 10 Agosti

Barua kutoka kwa Gideon Marsh, meya wa Pruett, huko chini ya mto. Yeye na Mjomba walilala blanketi moja vitani. Kwa kawaida barua zake ni za kapu la kulia: kambare aliyemponyoka, mipeasi yake, matusi ya kirafiki. Leo kaandika kwenye karatasi ya jiji, yenye muhuri. Wanazika watu kumi na mmoja kwa siku. Anaomba stima *Clara Bess* iruhusiwe kuleta wanawake na watoto ambao bado wazima.

Mjomba aliniomba niisome tena. Kisha akatamka jibu. La kiofisi, fupi: haiwezekani, baraza limeamua, tunawaombea.

“Sasa nyingine,” akasema. “Yangu mimi. Andika: Gideon, ndugu yangu. Ile nyingine umeshaisoma. Ile ni ya Meya. Mimi…”

Nikangoja.

“Mimi nini, Mjomba?”

“Ishie hapo hapo. Itume hivyo.”

Zimeondoka zote mbili na treni ya saa tisa.

Jumatano, 14 Agosti

Mjomba ameanguka. Mezani, kijiko mkononi, katikati ya neno. Daktari Voigt anasema ni kiharusi, si homa. Mdomo umeenda upande. Anatuona. Hasemi.

Alhamisi, 15 Agosti

Lazima niandike yote, na kwa mpangilio.

Mfuko wa posta umefika asubuhi. Ndani yake barua ya Gideon Marsh, kwa penseli, mistari inateremka kama inatoka kwenye karatasi. Anasema stima iliondoka Jumanne. Hakuweza kuizuia, na hakutaka. Watu hamsini na wawili, wote walipanda wakiwa wazima. Binti yake Susannah yumo, pamoja na wajukuu wake wawili. Kisha anamgeukia Mjomba kwa jina lake: “Thad, bunduki zako zikilia zitamlia yeye. Mimi imenishika tangu jana. Usinijibu mimi. Wao ndio uwajibu.”

Sasa nani awajibu? Nikiipeleka kwa Crane, jibu lake nalijua kabla hajavaa miwani. Nilipanda kumtazama Mjomba. Amelala, mkono mzima nao sasa umekufa. Nikashuka.

Nikakaa kwenye kiti chake. Sijawahi kukikalia. Na maneno yakaja — kwa sauti yake, yale matatu matatu, nami nikayajaza! Kwa msimamizi wa gati: *Clara Bess* isitie nanga mjini, ivuke hadi kiwanda cha zamani cha matofali, ng'ambo ya mto, mahema yatoke ghala la wanamgambo, chakula kiachwe ukingoni kila asubuhi, mtu yeyote asifyatue risasi. Kwa Bi. Philena Oates, mkunga: awe msimamizi wa wagonjwa. T. Brockway, Meya. Ile y sijapata kuivuta vizuri kama leo.

Tarehe nimeweka 14. Jana. Asubuhi ya jana, alipokuwa bado na ulimi. Hilo najua ni uongo. Mengine yote sioni kuwa ni uongo. Miaka sita najua atasema nini kabla hajafungua mdomo.

Bi Rhoda akaingia, akasoma juu ya bega langu.

“Amesema hivyo?”

“Angesema hivyo.”

Akaenda kuchukua nta ya muhuri. “Basi ifunge upesi,” akasema, “kabla sijapata akili.”

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeipeleka mwenyewe barua ya Bi. Oates. Anakaa mtaa wa watu weusi, nyuma ya reli. Homa hii aliiugua akiwa mtoto New Orleans, na ikishakushika na kukuacha hairudi tena. Wexcombe nzima ni yeye tu wa aina hiyo. Aliisoma barua mara mbili, amesimama mlangoni, unga mikononi.

“Huyu Meya,” akasema, “nimemwandikia mara tatu juu ya mtaro wa maji machafu unaopita hapa. Mara zote tatu: ‘litashughulikiwa’. Leo amekuwa mwepesi hivi?”

“Zile za mtaro nilijibu mimi,” nikasema.

“Aha. Kwa hiyo na hii ni yako.”

Akacheka, si cheko la kunifurahisha.

“Sawa, binti. Wale watoto hawakunikosea kitu, nitakwenda. Lakini kwa kuwa leo mkono wa Meya una nguvu, uandike na mtaro.”

Nikamwandikia pale pale, kwenye meza yake ya kukandia unga. Mtaro ufunikwe kabla ya mwezi kwisha. T. Brockway. Akaipuliza wino ukauka, akaikunja, akaiweka kifuani. Nikaona haya kidogo. Zile tatu niliziandika bila hata kumsomea Mjomba.

Jumamosi, 17 Agosti

Imekuja! Saa nne asubuhi, polepole, bila kupiga king'ora. Miji miwili njiani iliifukuza. Watu wamejaa ukingoni mwa sitaha, hakuna anayepunga mkono. Crane alikuwa gatini na bunduki sita.

“Barua hii Meya ameitoa lini?” akamuuliza msimamizi wa gati.

“Imeandikwa tarehe kumi na nne, bwana.”

“Najua kusoma. Nauliza ameitoa lini.”

“Mimi nafuata karatasi,” akasema msimamizi. Mungu ambariki mtu yule, hana mawazo ila ya karatasi! Akainua bendera, stima ikageuza pua, ikavuka. Hakuna risasi. Nilikuwa nimeshika nguzo ya taa, na nilipoiachia kiganja kilikuwa na alama.

Jumanne, 20 Agosti

Hema kumi na nne. Bi. Oates anatuma orodha kila asubuhi kwa mashua: maziwa, siki, shuka, mkate, na vyandarua kwa sababu mbu wa shimo la udongo la kiwanda wanawala watoto. Naandikia wenye maduka, wote wanatoa. Jina la T. Brockway bado lina uzito.

Crane kaja nyumbani kumwona Meya. Bi Rhoda akasimama mlangoni na upana wake wote.

“Mume wangu amelala.”

“Anaandika barua nyingi sana kwa mtu aliyelala, Bibi.”

“Anaandika akiamka,” akasema Bi Rhoda, akafunga mlango. Kisha akakaa kwenye ngazi. Nikamletea maji.

Jumanne, 27 Agosti

Ng'ambo wamekufa wawili: bibi kizee mmoja, na mtoto mdogo wa Susannah Marsh. Miaka minne. Wengine watatu wameugua, wanapata nafuu. Mjini hakuna mgonjwa hata mmoja.

Telegramu kutoka Pruett: Gideon Marsh alifariki tarehe 16. Hakujua kama walifika. Niliiweka kapu la kulia, nikaitoa, nikairudisha.

Nimemwandikia Susannah rambirambi mbili, ya baba na ya mtoto. Nilipofika mwisho sikuweza kuandika T. Brockway. Nimeandika Orpha Dunning. Jina lenyewe limekaa karatasini kama mgeni.

Jumapili, 1 Septemba

Mjomba amesema! Tangu juzi maneno mawili matatu, mazito, lakini ya maana. “Maji.” “Rhoda.” Leo, baada ya kanisa, “Barua.”

Daktari anasema tusimshtue. Lakini akinitazama vile siwezi kumdanganya. Nilimsomea ya Gideon, ya penseli. Machozi yakamtoka jicho moja. Nikamwambia Gideon ameshakufa. Kisha nikaleta kitabu cha nakala, ninamonakili kila barua inayotoka, nikamsomea ile yangu, neno kwa neno, na tarehe yake. Nikamwambia hesabu: hamsini na wawili walikuja, hamsini wako hai, mji mzima hauna homa. Sauti yangu ilikuwa imara. Najivunia sauti ile.

Akafumba macho. Nikadhani anatafuta namna ya kunishukuru.

“Ningekataa,” akasema.

“Mjomba?”

“Ningekataa, Orpha. Mara ya pili pia.”

Basi. Bi Rhoda akanitoa nje, akasema mgonjwa huongea ovyo. Lakini hakuongea ovyo. Ndilo neno lililonyooka kuliko yote aliyosema tangu aanguke.

Kwa hiyo sikumjua. Miaka sita na sikumjua! Sauti niliyoisikia kwenye kile kiti ilikuwa yangu.

Nimetembea hadi mtoni. Ng'ambo watoto walikuwa wanakimbizana kati ya mahema na mama mmoja anawafokea. Nimesimama kujiuliza kama najuta. Nimejiuliza kwa haki, bila kujipendelea. Sijuti. Ningeiandika tena kesho, na safari hii ningeweka tarehe ya kweli.

Jumanne, 3 Septemba

Crane yupo. Kaja saa tatu na wajumbe wawili wa baraza na karani wa kuandika maneno. Daktari Voigt ameruhusu robo saa. Kabla hawajapanda, Crane alisimama nami hapa ofisini, kofia mkononi. Hana ubaya wa sura, hilo niseme. Ana mke na wasichana watano mjini humu na aliogopa.

“Mfuko wa posta wenye barua ya Marsh ulifika Alhamisi, Bi. Orpha,” akasema. “Posta nzima inajua. Na jibu lake lina tarehe ya Jumatano. Mkono ni wako, hilo halina ubishi. Nataka kujua kichwa kilikuwa cha nani.”

“Muulize mwenye jina,” nikasema.

“Ndiko niendako. Akisema si lake, utakwenda mbele ya hakimu, na wale watapandishwa stima leo leo. Mimi sikutaki wewe. Nataka karatasi za jiji hili ziwe za kweli.”

“Mtoto aliyekufa alikuwa wa miaka minne,” nikasema. “Huyo alikuwa wa kweli.”

Akainamisha kichwa, akapanda.

Naandika haya nikiwa kwenye meza ile ile. Nimekiweka kitabu cha nakala wazi pembeni, ukurasa wenyewe, asiwepo wa kuutafuta. Nimevaa gauni la kijivu. Mjomba akisema ukweli nitashuka ngazi za jumba la jiji kichwa juu, na nitamwambia hakimu niliyoyaandika hapa. Akinifunika kwa uongo sijui nitamtazamaje. Sijui lipi naliomba.

Sasa sauti ya Crane huko juu, anasoma barua, polepole, kama kasisi. Anafika kwenye “mtu yeyote asifyatue risasi”. Anamaliza. Anauliza.

Nachovya kalamu, nangoja.

Kiti kinaburuzwa. Mlango. Ni Bi Rhoda, anashuka, kashika nguo isimkwaze. Uso wake hausomeki.

“Amesemaje?” nimemuuliza.

“Hajajibu. Amesema neno moja tu, mara mbili, mpaka Crane akalielewa.”

“Neno gani?”

“‘Orpha’. Na macho yake hayatoki kwenye kalamu ya karani wa baraza: anataka aiweke chini, uandike wewe jibu lake. Panda, mwanangu. Wanakungoja.” Naweka nukta, nachukua kalamu, napanda.